Mjukuu wa Mbao

"Usifunue!"

Mliouliza wiki nzima kama alifunua au hakufunua: alifunua.

Randa alikuwa na shuka mkononi na hasira kooni, na hasira haijui kukatazwa. Alivuta. Kamba iliyolishika shuka ikakatika, shuka likaanguka sakafuni, na kilichofichwa kikawa wazi.

Meza yake.

Meza yake ya kukunja, aliyoipasulia mbao mwenyewe, akaipiga msasa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Aliileta mwenyewe katika nyumba hii, zawadi kwa jirani, ili wateja wa jirani waione na kuitamani. Sasa ilikuwa imepinduliwa chini juu. Uso wake umesukumwa uvunguni mwa kitanda, tendegu la kitanda likaukanyaga. Miguu miwili ilitazama dari kama miguu ya kuku aliyechinjwa, tena imezongwa matambara.

"Dada Pindo!" Sauti ya Randa ilikwaruza. "Kama hukuitaka, si ungenirudishia?"

Pindo, fundi cherehani, ambaye mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halijawahi kufumuka, alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Hakuwa anamtazama Randa. Alikuwa anatazama chini.

Randa naye akatazama chini.

Mkono. Mkono wa kizee, mishipa imesimama, umeung'ang'ania mguu mmoja wa meza. Na mwenye mkono, Bi Mkubwa, mama yake Pindo, alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, gauni limempanda magotini, macho ameyafumba kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

"Nilikwambia usifunue," Pindo alisema taratibu.

Kwa aliyechelewa safari, mkasa wenyewe ni huu. Randa ni seremala. Baba yake alikuwa seremala kabla yake, na alipofariki alimwachia karakana, na ile randa ya kulainishia mbao iliyompa binti jina. Lakini kiwanja ni cha ukoo, na msimamizi wake ni baba mdogo. Meza za kukunja zimejaa karakana mpaka zinagusa bati. Mtaa mzima uliziona, mtaa mzima ulizisifu, na hakuna aliyekuja kuchukua hata moja.

Jana baba mdogo alitoa neno la mwisho.

"Alasiri ya kesho nakuja na kufuli. Niletee mtu mmoja tu. Asiwe ndugu yako. Aje kwa miguu yake, aseme mbele yangu: kitu hiki alichotengeneza binti huyu nakihitaji. Asipokuja, karakana inakuwa ghala la saruji."

Na hiyo alasiri ni ya leo.

"Bibi, ngoja nikuinue." Randa alipiga magoti.

"Usiniguse!" Bi Mkubwa alifumbua macho. "Geuka. Tazama ukutani. Na wewe Pindo."

"Mama, mimi nimekuogesha asubuhi..."

"Ukutani!"

Waligeuka. Pumzi ikavutwa nyuma yao, ndefu, yenye kukwama kwama. Kitanda kikalia. Halafu Randa akasikia sauti anayoijua kuliko jina lake: bawaba inayotaka kukunjika.

Miguu ile aliitengeneza ikunjike. Ndiyo iliyokuwa sifa yake kuu. Na sasa mwili mzima wa kikongwe ulikuwa umening'inia pale, umezuiwa na matambara tu.

Hakugeuza uso. Alirudisha mikono nyuma, akapapasa, akaukamata mguu wa meza, akakaza miguu yote miwili, macho bado yako kwenye ukuta.

"Vuta, bibi. Sikuoni. Vuta."

Uzito ukaja.

Na katika viganja vyake Randa akahisi kitu ambacho msumeno haukuwahi kumwambia. Bibi hakuanza kwa kukandamiza chini. Alianza kwa kuvuta kuja kifuani kwake. Halafu, alipofika katikati, ghafla akakandamiza chini kwa nguvu zote. Halafu mkono wa pili ukawa unatapatapa hewani, unatafuta mwenzake wa kushika upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na kitu.

"Haya. Geukeni."

Bi Mkubwa alikuwa ameketi kitandani, gauni limenyooka, ametota jasho.

"Shikamoo, bibi," Randa alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Bi Mkubwa alijibu kana kwamba amekutwa barazani anapunga upepo.

*

"Kwa nini hukuniambia?" Randa alimvutia Pindo chumba cha mbele, penye cherehani. "Uliniambia meza ni nzuri!"

"Ni nzuri. Nani kasema mbaya?"

"Uliniambia kila nyumba itaitaka!"

"Ulikuwa umetoka kuzika, Randa." Pindo aliketi, akaokota kipande cha uzi asichokihitaji. "Umekuja hapa umekonda, macho mekundu, umebeba meza kichwani. Unaniuliza, dada, ungependa meza kama hii? Nikujibu nini? Nani mtaani humu angekuwa na moyo wa kukwambia hatuna hata pa kuiweka?"

Randa aliegemea ukuta.

Akazikumbuka nyuso zote. Nzuri sana, binti. Tutakuja. Baba yako angefurahi. Akazikumbuka zikitabasamu mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba alikuwa amepewa pole, yeye akafikiri amepewa oda.

"Wote mlinidanganya."

"Wote tulikupenda. Sasa nikufundishe kitu cha kwenye cherehani, mdogo wangu, na usinune. Mteja akija kujaribu gauni mimi simuulizi kama limempendeza. Atasema limempendeza. Anaona haya, au ananihurumia. Mimi namwambia, hebu jifanye unafunga kiatu. Akiinama namtazama kwapa. Likimbana kwapa, nalifumua. Mdomo una adabu, Randa. Kwapa halina."

Nje, jua lilikuwa limeshapanda. Randa aliliona kwenye kizingiti.

Alirudi chumba cha ndani. Safari hii alibisha hodi.

"Bibi, nina swali."

"Kama ni kuhusu meza yako, ni nzuri sana."

"Si kuhusu meza. Asubuhi ya leo, uliinukaje?"

Bi Mkubwa alimtazama. Ilikuwa wazi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Nilimwita Pindo."

"Akaja?"

"Cherehani ilikuwa inakwenda. Hakusikia."

"Ukafanyaje?"

"Nikangoja. Nikaita tena. Halafu nikaona, mtoto ana kazi ya watu, nimwache. Nikajaribu mwenyewe." Alizipapasa zile ncha za matambara. "Hapa kitandani afadhali, kuna hiki Pindo alichonitengenezea. Chooni hakuna. Chooni nashika ndoo."

"Ndoo inateleza."

"Kwani sijui? Ndiyo maana siku hizi maji nakunywa ya kulowesha ulimi tu. Asiyekunywa haendi." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyegundua njia ya mkato.

Nyuma ya Randa, Pindo alishika mdomo. Hilo la maji hakulijua.

"Bibi," Randa alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya seremala, si ya mwenye kuomba, "nikikuletea kitu chenye mikono miwili, kisichokunjika, kisichoteleza, cha kukaa chooni na kitandani, utakuja karakana alasiri ya leo umwambie baba mdogo kwamba unakihitaji? Neno hilo tu. Karakana ya baba itapona."

Uso wa Bi Mkubwa ulifungwa kama dirisha wakati wa upepo.

"Nisimame njiani nitangaze kwamba siwezi kuinuka chooni? Mimi? Niliyewakanda mama zao walipojifungua? Wapate la kunong'ona?" Alitikisa kichwa. "Tengeneza. Leta hapa gizani, nitakupa dua zote. Lakini kuja siji. Na uniapie hutamtajia jina langu mtu yeyote."

"Mama!" Pindo aliruka. "Karakana ya watu inakwenda!"

"Aniapie!"

Jua lilikuwa linasogea. Randa aliutazama mkono ule wa kizee, bado unatetemeka kwa kazi ya kuinuka.

Akaapa.

*

Alikata njia ya nyuma, karibu anakimbia. Mtu mmoja, alijiambia. Nahitaji mtu mmoja mwingine mwenye shida hii asiyeogopa kuisema.

Alimkuta mwalimu mstaafu kwenye kibaraza chake, ameketi kwenye kiti kirefu, gazeti mkononi. Dirisha la chumba lilikuwa wazi nyuma yake, na kutoka kwenye nondo za dirisha kamba nene ilining'inia hadi kwenye mto wa kulalia. Imefungwa mafundo mafundo. Mafundo yanang'aa kwa kushikwa.

"Shikamoo, mwalimu. Ile kamba ni ya nini?"

"Ya kuanikia nguo."

"Inaning'inia wima."

"Ni nguo ndefu," mwalimu alisema, akapandisha gazeti mpaka likamfunika uso.

Randa alisimama pale. Lile gazeti lilikuwa ni shuka la Bi Mkubwa lililoandikwa maandishi. Hapa napo palikuwa na shida, kubwa, ya kila asubuhi, na mwenyewe alikuwa ameijengea ukuta.

Hakufunua. Somo la asubuhi lilikuwa limemwingia.

"Nguo zikizidi, mwalimu, nina mbao," alisema tu, akaenda zake.

Gazeti halikusogea. Lakini halikufunguliwa ukurasa mwingine pia.

Karakana. Aliiburuta meza ya kwanza kutoka kwenye rundo, akashika patasi, mkono ukasita. Alikuwa ameipenda meza hii. Halafu akaingiza patasi chini ya bawaba, akaing'oa.

Alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Miguu ya meza ikawa nguzo. Uso wa meza ukawa kitako, mpana, ili kisipinduke mtu akivuta kuja kifuani. Juu akaweka mikono miwili ya kushika, ameilainisha ncha, na mbele akaichonga ikainuka kidogo, mahali pale ambapo kiganja kinaacha kuvuta na kuanza kukandamiza. Viungo alivitia ulimi na tundu, mbao ndani ya mbao, na gundi, akavizungushia kamba, akaikaza kwa kijiti.

Alikuwa anafuta gundi iliyovuja wakati kivuli kilipoingia mlangoni.

"Umeshaanza kutoa takataka? Vizuri, umetupunguzia kazi!"

Bwana Saruji. Mfanyabiashara mwenye tumbo la mbele na kicheko cha mbele zaidi, ambaye alikuwa ameshaegesha pikapu yake nje, imesheheni mifuko. Nyuma yake, taratibu, na kufuli jipya mkononi, akaingia baba mdogo.

"Alasiri imefika, mwanangu," alisema baba mdogo. Hakuwa na sauti ya mtu anayeshinda.

"Karibuni, baba."

"Kaa, mzee, umechoka." Bwana Saruji alisukuma kigoda cha marehemu mpaka kwenye miguu ya baba mdogo.

"Sikai."

"Kaa bwana, haya mambo..."

"Nimesema sikai!"

Randa alimjua baba mdogo wake tangu anatambaa. Siku ya msiba alisimama kutwa. Harusini husimama. Watu husema ana majivuno, hakai na watu wa chini. Sasa alimwona ameegemea ukingo wa meza ya kazi, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza, akikitazama kile kigoda kifupi kama mtu anavyotazama kisima.

Hakai, Randa aliwaza, kwa sababu akikaa hainuki.

Bwana Saruji alikuwa anakisogeza tena kigoda. Kabla hajamaliza, Randa alikwapua sanduku la misumari, akalibwaga juu yake.

"Samahani, hapa pana kazi. Hapakaliwi."

Baba mdogo alimtazama. Akalitazama sanduku. Akamtazama tena, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Halafu akakohoa.

"Mtu wako yuko wapi?"

"Nimetengeneza kitu kipya, baba. Hiki." Alikisogeza mbele. "Cha kushikilia mtu anapoinuka. Kitandani. Chooni."

"Kimetakiwa na nani?"

"Na mtu."

"Mtu ana jina. Ana mlango."

"Siwezi kumtaja. Nimeapa."

"Mteja wa siri!" Bwana Saruji alipiga mapaja. "Mzee, umesikia? Meza zilikuwa na wateja wa mdomo, hiki kina mteja wa kiapo! Kesho atatutengenezea ngazi ya kupandia mbinguni!"

"Sema jina tu, mwanangu." Baba mdogo alikuwa karibu anamsihi. "Moja tu. Nani?"

Jina lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa jepesi. Lingeokoa kila kitu: ukuta ambao baba yake aliupaka chokaa, meza ya kazi iliyopinda pale alipozoea kuegemea, harufu ya mbao ambayo ndiyo iliyobaki ya harufu yake.

Akauona mkono wa kizee ukitetemeka.

"Siwezi, baba."

Baba mdogo alifumba macho. "Mimi siyo adui yako. Kaka yangu aliniambia, usimwache mtoto aozee humu pamoja na mbao." Akalifungua kufuli. "Toa vitu vyako."

Na hapo ndipo waliposikia fimbo.

Ko. Kimya. Ko. Kimya kirefu. Ko.

Njiani watu walikuwa wamesimama. Fundi viatu alinyamazisha nyundo yake. Bi Mkubwa, ambaye hajaonekana nje tangu mvua zianze, alikuwa anakuja katikati ya barabara, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la Pindo, na kila hatua ilikuwa inamgharimu.

Aliingia karakana. Alisubiri pumzi yake imfikie.

"Nimeambiwa," alisema, "anatafutwa mtu anayehitaji."

"Bibi, sikusema!" Randa alilia. "Wallahi sikusema!"

"Najua. Pindo alinisihi mpaka nikatoka, na njiani nimekusikia ukinyamaza." Akawageukia walioko mlangoni, akapaza sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia wakunga wenzake zamani. "Haya, sikilizeni mara moja, sirudii. Mimi siwezi kuinuka. Kitandani siwezi, chooni siwezi. Nimeacha kunywa maji nisije nikahitaji kwenda. Basi. Chekeni mmalize, nina kiu."

Hakuna aliyecheka.

Bwana Saruji, na hili lazima tumwandikie, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alitoa chupa ya maji kwenye pikapu yake, akaifungua, akampa kwa mikono miwili. Bi Mkubwa alikunywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni.

"Hiki ndicho?" Aliweka viganja kwenye mikono ya mbao. Vikakaa, kama vilipimwa. Naam, vilikuwa vimepimwa. "Mjukuu wangu wa mbao. Huyu hata cherehani ikilia atakuwepo."

"Na mimi," sauti ilisema kutoka nje, "nina kamba."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshuka kibarazani. Gazeti alikuwa amelishika, lakini chini, pajani.

"Si ya kuanikia nguo," aliongeza.

"Subirini, subirini!" Bwana Saruji alirudi kwenye biashara yake. "Huruma ni kitu kizuri, mimi nimetoa maji. Lakini tuulizane kama watu wazima. Nani amekijaribu hiki? Kikivunjika, bibi akaanguka, nani atajibu? Mzee, wewe ndiye msimamizi. Utakubali?"

Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana liliwachoma wote.

Baba mdogo alikizunguka kile kitu. Alikigusa. Alilitazama sanduku la misumari juu ya kigoda, halafu, polepole, akalitoa, akaliweka chini.

"Nitakijaribu mimi."

"Usikae, baba!"

Neno lilimtoka Randa kabla hajalipima. Watu wote wakamgeukia.

Angeweza kunyamaza. Pengine kingeshika.

"Gundi haijakauka," alisema. "Kiungo cha kulia ni cha mwisho kutiwa. Mpaka jua likaribie kuzama. Ukikivuta sasa kitaachia. Samahani, baba. Hakiko tayari."

Bwana Saruji alifungua mikono. "Amesema mwenyewe! Alasiri imefika, na kitu hakiko tayari. Neno lilikuwa alasiri."

Lakini Randa alikuwa amechelewa kwa jambo jingine. Baba mdogo alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kazi, anashuka, anashuka, magoti yanatetemeka, mpaka akaketi kwenye kigoda cha kaka yake. Mbele ya mtaa mzima. Mtu ambaye hajaketi mbele za watu kwa miaka.

"Baba," Randa alinong'ona, "utainukaje?"

"Sitainuka." Alilipakata kufuli. "Nitangoja gundi. Nilisema mtu aje alasiri, na mtu kaja. Kama kitu chake kinafaa au hakifai, nitajua jua likishuka. Bwana Saruji, kama una haraka nenda. Mimi, kwa bahati mbaya, sina uwezo wa kwenda popote."

Mtu akacheka, halafu wote. Bi Mkubwa aliletewa benchi. Mwalimu akaegemea mlango. Pindo alitoa sindano, akaanza kupinda pindo la mtu, kwani kazi haingoji. Bwana Saruji aliondoka kwa kishindo, halafu akarudi, kwa sababu hata yeye alitaka kuona.

Jua lilishuka. Lilipofika usawa wa bati, Randa aligusa kiungo cha kulia kwa ukucha. Kigumu. Akafungua kamba.

Alikisogeza mbele ya baba mdogo, akajiweka kando. Kisha akageuka, akatazama ukutani. Pindo akaona, naye akageuka. Mwalimu akageuka. Mmoja mmoja, mtaa mzima uliokuwa mlangoni ukampa mzee mgongo, hata Bwana Saruji, baada ya Bi Mkubwa kumgonga fimbo mguuni.

Baba mdogo alishika mikono ya mbao.

Walisikia akivuta kuja kifuani. Walisikia kigoda kikiachana na uzito wake. Alikuwa katikati, mahali pale pa kukandamiza, pale ambapo hakuna kurudi.

Kitu kikalia: kak!

Na katika wale wote waliotazama ukuta, hakuna aliyejua kama ni goti au ni mbao.